Ulisoma Wapi?

Katika nchi yetu ya Uganda kuna swali moja ambalo mtu mzima hawezi kulikwepa. Akipanda basi la kwenda Kampala ataulizwa na jirani yake. Akialikwa arusini ataulizwa kabla chakula hakijafika mezani. Akienda kutafuta kazi ataulizwa hata kabla hajaketi. Swali lenyewe ni hili: "Ulisoma wapi?" Mgeni aweza kudhani kwamba anayeuliza ataka kujua kiasi cha elimu ya mtu. Sivyo. Elimu huonekana katika vyeti. Anayeuliza ataka kujua wewe ni mtu wa nani.

Nimelifikiri sana swali hili mwaka huu, kwa kuwa mimi na wenzangu wa Kidato cha Sita tutaondoka hapa shuleni mwezi wa Desemba, na baada ya hapo jibu letu halitabadilika tena mpaka kufa. Mtu aweza kuhama mji, aweza kuacha kazi akashika nyingine, hata dini aweza kubadili. Shule aliyosoma haibadiliki.

Kwanza yafaa nieleze desturi ya zamani ambayo swali hili limekalia kiti chake. Kwa majirani zetu Waganda, mtu hujulikana kwa ukoo. Koo zao ni zaidi ya hamsini, na kila ukoo una kitu chake cha mwiko: Simba, Tembo, Uyoga, Senene, na vinginevyo. Mtu akitaka kujieleza kwa ukamilifu mbele ya wazee, mathalani siku ya kwenda kujulishwa ukweni, hutaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Kisha hupanda ngazi kwa ngazi katika matawi ya ukoo mpaka afike kwa mkuu wa wote, ambaye cheo chake ni Owakasolya, yaani mtu wa ncha ya paa la nyumba. Akikwisha kusema hayo hana ugeni tena. Mzee mmoja atamwita mjukuu, mwingine atamwita shemeji, na kiti kitapatikana. Makabila mengine nayo yana njia zao, hata kwetu huku mashariki karibu na mpaka wa Kenya. Lakini ya Waganda ndiyo iliyo wazi kuliko zote, ndiyo maana nimeichukua.

Sasa swali la shule lafanya kazi ile ile. Ukitaja shule umetaja kilima, umetaja kanisa, umetaja mwaka, umetaja bweni. Tofauti ni kwamba katika ukoo mtu huzaliwa, na katika shule huingizwa kwa alama za mtihani na kwa karo. Tofauti hiyo si ndogo, nami nitairudia.

Shule za kwanza za bweni zilianzishwa na wamisionari, na kwa kweli zilianzishwa kwa mashindano. Waprotestanti na Wakatoliki walikuwa wamekwisha kupigana kwa bunduki pale Mengo mwaka 1892, na baada ya bunduki kunyamaza kila upande ulitaka kuwalea wana wa machifu wake. Mapadre wa Mill Hill walifungua Namilyango mwaka 1902. Wamisionari wa C.M.S. walifungua shule ya wasichana ya Gayaza mwaka 1905, na King's College Budo mwaka 1906. Mwaka huo huo wa 1906 Mapadre Weupe walianzisha shule ambayo leo ni St. Mary's College Kisubi. Tazama jinsi miaka hiyo ilivyofuatana, kama watu wawili wanaokimbilia mlango mmoja.

Budo ilipewa mahali pa ajabu. Kilima cha Budo ndicho chenye Naggalabi, mahali ambapo Makabaka wa Buganda hutawazwa. Kabaka wa sasa, Ronald Mutebi, alitawazwa hapo tarehe 31 Julai 1993. Basi mtoto wa chifu aliyelala katika bweni la Budo alijua kwamba amelala juu ya kilima cha wafalme. Si ajabu kwamba watu wa shule nyingine husema Wabudo wana kiburi. Wenyewe hujitetea kwa wito wa shule yao, "Gakyali Mabaga", maana yake kazi ndiyo kwanza inaanza. Wa Kisubi wana maneno yao ya Kilatini, "Duc in Altum", yaani amri aliyopewa Petro apeleke chombo penye maji ya kina. Nimepata kumsikia mzee mwenye mvi akiyataja maneno hayo kwa sauti ya kutetemeka, naye Kilatini kingine hakijui hata neno.

Kwa nini shule imfunge mtu namna hii? Walimu wetu hupenda kusema ni kwa sababu ya mafundisho mema. Mimi sikatai, lakini naona sababu kubwa ni kengele, njaa na woga. Mtoto wa miaka kumi na mitatu afika na sanduku la bati, godoro, sabuni na fyekeo. Baba yake amgeukia mara moja tu, kisha aenda zake. Tangu siku hiyo, katika kila mwaka, majuma karibu arobaini atakuwa shuleni na majuma kama kumi na mawili tu atakuwa nyumbani. Na ikiwa atamaliza Kidato cha Sita, ataishi hivyo miaka sita. Ataamka kwa kengele moja na wenzake mia nne, atakula posho na maharagwe kutoka sufuria moja nao, atachapwa mvua ile ile akienda kuchota maji. Usiku wa kwanza wakubwa watamsimamisha juu ya kitanda aimbe, na akikosea wimbo atapewa jina la utani ambalo hataliacha. (La kwangu silitaji hapa, wanaonijua watacheka vya kutosha.) Watu waliokwisha kulia katika chumba kimoja hawasahauliani. Hesabu za pembetatu husahaulika upesi. Lakini muulize mtu wa miaka sitini nani alimwibia sukari katika Kidato cha Kwanza, atakutajia na jina la baba yake.

Jambo jingine ni lugha. Bwenini mwetu kuna Mteso, Mgisu, Msoga, Mnyankole, Mlugbara, na mmoja ambaye wazazi wake walikuja kutoka Kongo. Hakuna lugha ya nyumbani itakayotufaa sote, kwa hiyo mchana twasema Kiingereza kwa sababu ya sheria, na usiku, taa zikizimwa, twasema mchanganyiko wetu ambao Kiswahili kina fungu kubwa ndani yake. Katika shule moja niliyopitia zamani, aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alivikwa kipande cha mti shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwingine. Nilikivaa siku mbili. Naona hapo pia tulifundishwa jambo kuhusu mahali petu, ingawa si lile walilokusudia: tulifundishwa kwamba nyumbani ni kitu cha kufichwa. Mtoto aliyefichwa lugha yake hana budi kutafuta nyumba nyingine, na nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa shule.

Matunda ya undugu huu ni mengi, nami si mtu wa kuyadharau. Wanafunzi wa zamani, ambao watu wa mjini huwaita "maobi", hujenga maabara, hununua vitabu, na hulipia karo watoto ambao baba zao wamekufa. Mmoja wao akilazwa hospitali, mchango huzunguka kwa simu kabla jua halijatua. Siku ya kujulishwa ukweni utawaona wamejipanga katika kanzu nyuma ya bwana arusi, mmoja Mwacholi, mmoja Mtoro, wakihesabiwa upande wa jamaa zake, hali kwa damu si jamaa zake kabisa. Huko Kampala watu waliosoma Kisubi wana ligi yao ya mpira, na wa Budo vivyo hivyo, timu zikiundwa kwa kufuata miaka waliyosoma pamoja. Matumbo yamekuwa makubwa na mbio zimekuwa fupi, lakini ubishi ni ule ule. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Na watu hawa wanafaana.

Vile vile undugu huu umeingia katika serikali. Kabaka Mutesa II, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda mwaka 1963, alisoma Budo. Yusuf Lule na Godfrey Binaisa, walioshika urais mmoja baada ya mwingine mwaka 1979, nao ni wa Budo. Milton Obote, Waziri Mkuu wakati wa uhuru mwaka 1962, alisoma Busoga College Mwiri, ambayo pia ni ya Waanglikana. Yoweri Museveni alisoma Ntare School, iliyofunguliwa Mbarara mwaka 1956. Watu wa nchi za mbali wakisoma orodha hii watadhani kwamba waliosoma kwa kanisa moja walipatana. Wakumbuke kwamba majeshi ya Obote ndiyo yaliyolivamia jumba la Mutesa mwezi wa Mei 1966, Mutesa akakimbilia Uingereza na kufia huko mwaka 1969. Undugu wa shule humfungulia mtu mlango. Haumzuii aliye ndani asimfukuze mwenzake.

Ntare ina habari nyingine nzuri zaidi. Watoto wengi wa wakimbizi wa Rwanda walisoma katika shule za Uganda, na Rais Paul Kagame alikuwa mmoja wa wanafunzi wa Ntare. Waliporudi kwao hawakuisahau. Wanafunzi wa zamani wa Ntare walioko Rwanda wameshirikiana na shule moja ya Ujerumani iitwayo Louisenlund, wakajenga shule mpya wilayani Bugesera, na jina la Ntare wakalivusha mpaka. Fikiri, msomaji: Ntare ni jina la wafalme wa Ankole, na sasa limesimama juu ya lango huko Rwanda kwa ajili tu ya watu waliokula posho pamoja.

Majirani zetu wengine wamelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Katika Tanganyika Waingereza walifungua shule ya Tabora mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu hasa, na Julius Nyerere alisoma pale. Baada ya uhuru serikali ya Tanzania iliona hatari ya kila kabila kuwa na shule yake, ikawa mtoto wa Bukoba hupelekwa Mtwara na wa Mtwara hupelekwa Mwanza. Nao Kiswahili chao kiliwarahisishia kazi hiyo. Kenya ilikuwa na Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na waliosoma hapo walijaa katika baraza la kwanza la mawaziri. Baadaye, katika miaka ya 1980, serikali ya Kenya iliamuru kwamba nafasi nyingi katika shule za mikoani wapewe watoto wa pale pale. Basi nchi moja iliwatawanya watoto ili wawe wa taifa, na nyingine iliwarudisha ili shule iwe ya wenyeji. Sisi Uganda tumeacha karo iamue.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la Afrika tu. Katika mji wa St. Louis huko Marekani, watu hujulikana sana kwa kuulizana ulisoma sekondari gani, nao ni watu wenye vyuo vikuu vikubwa. Jibu huwaonyesha mtu alikulia mtaa upi, dini gani, na baba yake alikuwa na fedha kiasi gani. Kumbe hata mahali pasipo na Owakasolya, watu hutafuta ngazi ya kumpandia mtu.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka jana wakati wa likizo, kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alisikia kwamba ofisi moja mjini yataka karani wa ghala. Yeye alimaliza Kidato cha Nne katika shule ya kutwa ya tarafa yetu, moja ya zile zilizojaa watoto tangu serikali ilipoanza kulipia masomo ya sekondari mwaka 2007. Hesabu anazijua kuliko mimi. Ndiye aliyenifundisha kugawanya sehemu. Aliniomba nimsindikize, nami nikavaa shati la shule kwa kuwa ndilo lililokuwa safi.

Mzee wa ofisi akaipokea barua yake, akaitazama juu juu, akauliza, "Ulisoma wapi?" Kaka akamtajia. Mzee akasema, "Hiyo iko wapi?" Shule hiyo iko kilometa saba kutoka pale tulipokuwa. Halafu akaiona beji kifuani mwangu. "Kumbe, kijana! Uko bweni gani?" Nikamwambia. Lilikuwa bweni lake. Akaniuliza kama mwembe ulio nyuma ya jiko ungalipo, akacheka peke yake, akaita soda. Ikaletwa moja. Kaka alikuwa bado amesimama. Nami niliinywa, wasomaji. Niliinywa yote, kwa sababu sikujua namna ya kuikataa.

Kazi hakuipata. Yawezekana aliyepewa alistahili kuliko yeye. Njiani kaka hakuninung'unikia, aliniuliza tu, "Mdogo wangu, ilikuwa baridi?" Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama shule ya kutwa haina undugu wowote, maana sikupata kusikia kwamba ina chama, wala wimbo, wala tai. Jibu nililipata mwezi wa Mei mwaka huu, bibi yetu alipofariki. Niliruhusiwa siku tatu. Nilipofika nyumbani usiku niliwakuta vijana kumi na wawili wakichimba kaburi kwa taa ya karabai, wakipokezana. Mmoja ni fundi wa baiskeli, wawili ni waendesha bodaboda, mmoja anauza samaki wakavu sokoni. Na kaka alikuwa katikati yao ndani ya shimo. Wote walisoma naye katika ile shule ambayo mzee wa ofisi hakujua iko wapi. Hakuna aliyewaandikia barua. Walijua jiwe liko upande gani wa ardhi yetu, kwa kuwa walikwisha kuchimba na kaburi la babu. Dada zao walikuwa jikoni tangu mchana. Nilivua viatu, nikaomba jembe. Fundi wa baiskeli akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe umetoka mbali, pumzika."

Hakusema kwa kunidharau. Ndivyo mtu anavyomwambia mgeni.

Wenzangu wa bwenini walituma mchango kwa simu, shilingi laki moja na elfu arobaini, ambazo zilinunua sukari na mchele wa waombolezaji, na fedha hizo zilitufaa sana. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba undugu mmoja ni wa kweli na mwingine ni wa uongo. Wa bweni huenda mbali: nikifika Arua au Kabale naweza kupata mahali pa kulala kwa kutaja jina la shule tu. Wa kutwa hauvuki mto, lakini pale ulipo una mikono na majembe. Kasoro ni kwamba ule wa mbali ndio unaokaa nyuma ya meza za ofisi, na huo hauwezi kuona kilometa saba.

Kuna wenzangu wanaosema kwamba swali la "Ulisoma wapi?" lipigwe marufuku katika ofisi, watu watazamwe kwa vyeti bila jina la shule. Mimi naafiki, ingawa naona kwamba beji zitapata njia nyingine ya kuonekana. Wengine wasema vyama vya wanafunzi wa zamani vichukue shule moja ya kutwa iliyo karibu na shule yao, waigawie vitabu na maabara, na mpira wacheze pamoja. Hilo naona lawezekana upesi zaidi, maana maabara yetu hukaa tupu siku za Jumamosi, na uzio kati yetu na shule ya jirani ni wa miti tu.

Juma lililopita mwalimu alituletea fomu za kuingia katika chama cha wanafunzi wa zamani. Nimeijaza ya kwangu. Palikuwa na mahali pa kuandika bweni, mwaka wa kuingia na mwaka wa kutoka, na chini kabisa palikuwa na mstari wa kuandika mtu wa nyumbani atakayejua daima mwanachama yuko wapi. Hapo nimeandika jina la kaka, na katika nafasi iliyobaki nimeandika jina la shule aliyosoma.